Uzito Kwenye Kiti cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu fundi saa, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Alikuwa akienda kumwona dada yake aliyejifungua, peke yake kwa pikipiki, siku mbili za milima na jangwa.

Milima aliimaliza salama. Jangwani, saa nane mchana, tufani ya mchanga ikamkuta na jua likazimika kama kibatari. Alizima injini, akajikunyata kando ya pikipiki. Upepo ulivuma weee, kisha ukakatika ghafla. Ndani ya kiza kile cha vumbi akasikia nyayo zikija polepole, kwach, kwach, mpaka zikasimama karibu naye.

"Nani?" aliuliza.

Springi za kiti cha nyuma zikalia, kama zinavyolia mtu anapopanda.

Angekimbilia wapi kwa miguu? Alipanda bila kutazama nyuma, akawasha, akatimua mbio roho mkononi. Kila kona pikipiki ilikuwa nzito, na kisogoni pake kitu kilikuwa kikihema.

Dada yake alimpokea mlangoni, kichanga begani. "Pole, kaka! Vumbi lote hilo!" Kisha akalikodolea macho koti lake. "Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu gani? Nimekuja peke yangu."

Dada alirudi nyuma, akamfunika mtoto uso. Koti zima lilikuwa limejaa vumbi, isipokuwa tumboni. Hapo palibaki alama safi ya mikono miwili, imemzunguka kutoka nyuma, vidole vimeshikana.