Kibao Kilicholowa

Kibao cha meli ya Ormsgill kilikuwa kimelowa. Winnie Aspinall alinusa vidole vyake: chumvi na mafuta mazito. Chumba chao cha kufuatilia vita vya baharini kilikuwa chini ya ardhi, katikati ya Liverpool, kikavu hata chai ikimwagika hukauka upesi. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kusogeza vibao vya meli za msafara kwenye ramani ya ukutani, kila habari ilipoingia kwa simu ya upepo. Wenzake walimlaumu Bi Rimmer, msafishaji, na ndoo yake. Saa tatu baadaye ikaja habari kwamba Ormsgill imepigwa na nyambizi, imezama na watu wote.

Ikawa hivyo Jumanne, na Alhamisi tena. Kibao kililowa kwanza, meli ikafuata. Hakuna aliyeitaja ndoo tena.

“Usiyafute maji hayo, mwanangu,” Bi Rimmer alimnong'oneza. “Binti wa kabla yako aliyafuta. Hayapotei. Yanatafuta pengine pa kukaa.”

Jumamosi asubuhi kililowa kibao cha Calder Brow. Humo alikuwamo Wilf, mdogo wake wa pekee, mchochea makaa. Damu nzito kuliko maji. Winnie aliganda juu ya ngazi, harufu ya mafuta ikampanda puani, na nyuma ya ramani akasikia kugongagonga kama kwa watu waliofungiwa ndani ya chuma, na huku anajua kabisa alichoambiwa, akauvuta mkono wa koti lake la sare akakifuta kibao kile mpaka kikakauka.

Aliposhuka aliona kiwiko chake kilikuwa kimekigusa kibao cha jirani, Penhallow. Kilikuwa kinachuruzika.

Penhallow ilizama kabla ya chakula cha mchana, na mabaharia arobaini na mmoja. Winnie alijifungia chooni akalia, na aibu yake ni kwamba alilia kwa furaha.

Lakini mkono wa koti haukukauka. Aliuanika, akaupiga pasi, wapi. Na sare ilikuwa hiyo moja.

Siku ya kumi na moja tangu hapo alitoka kazini, jua linawaka, akamkuta Wilf mlangoni kwao, amekonda, anacheka.

“Dada, mbona unaniangalia kama umeona mzimu?”

Akamkumbatia kabla Winnie hajarudi nyuma. Alipomwachia, bega la Wilf lilikuwa limelowa pale mkono wa koti ulipogusa.

“Umenitotesha,” Wilf akasema, akijipangusa. “Basi, si kitu. Jumatatu tunarudi baharini, nitatota zaidi.”