Mlango Usio na Kufuli

Mzee wa stoo alikutwa asubuhi amekufa nyuma ya mlango wa chumba cha kugandishia samaki, viganja vimechubuka kwa kusukuma.

"Ulifungwa kwa nje?" Inspekta aliuliza.

"Hauna hata kufuli, afande," alijibu fundi wa majokofu, aliyeukuta mwili. "Labda ni moyo. Umri nao."

Inspekta aliuvuta mlango kwa kidole. Ulifunguka bila ubishi.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya mzee kazini. Jioni angepanda basi kwenda kuishi na bintiye. Koti lake zito alishalirudisha. Lilining'inia msumarini, limefuliwa. Bintiye, aliyemngoja stendi bure, aliuliza jambo moja tu kwenye simu: "Nani alimchukia baba yangu?" Inspekta aliahidi kumjibu.

"Aliingia kufanya nini bila koti?"

"Kuwaaga samaki wake," fundi alisema. 

Juu ya mlango kulikuwa na kitundu kilichotoboa ukuta hadi nje.

"Hiki cha nini?"

"Hicho? Hakina kazi."

Kwenye barafu ya ukingo wake zilinasa nyuzi za buluu. Inspekta alizichomoa kwa kibanio, akazitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Mchana alienda kwake kula. Tangu mkewe afariki, mezani palikaa sahani moja. Alifungua friza akaduwaa, amesahau alichofuata, na hapakuwa na wa kumuuliza, "Unatafuta nini, baba?" Akafunga. Papo hapo akakumbuka: mkate. Akavuta.

Mlango ukagoma.

Akavuta tena. Uling'ang'ania kana kwamba kuna mtu ndani anaushikilia. Baadaye kidogo ukaachia wenyewe.

Hewa ya joto ilikuwa imeingia, ikapoa, msukumo wake ukapungua. Hewa ya nje, yenye nguvu zaidi, ndiyo iliyoubana mlango.

Aliondoka bila kula.

Karakanani, matambara ya buluu yalijaa juu ya meza ya fundi.

"Kile kitundu huingiza hewa ili mlango usibanwe," Inspekta alisema. "Uliuacha mlango wazi mpaka joto likajaa. Ukaziba kitundu. Kisha ukamwita mzee."

"Nani kasema?"

"Nyuzi za tambara lako ninazo. Maabara itasema. Ningependa uniambie wewe."

Fundi alijiachia sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilimtuma akaangalie feni, nikamfungia. Nilitaka basi limwache, afande, basi tu! Hewa hupenya polepole, mwishowe mlango huachia wenyewe. Nilijua atatoka, atanitukana weee, kesho tutakunywa chai. Nikaondoka nisimsikie akiniita. Asubuhi nikatoa tambara..."

"Na koti? Bila koti, baridi ilimuua kabla mlango haujaachia."

"Miaka yote nimemwona nalo. Jana sikuangalia kama analo. Ukimzoea mtu, humwangalii."

"Kwa nini usimwombe abaki?"

"Ningemwambiaje? Ana mwana, mimi sina." Alijifuta uso. "Nikikohoa, yeye peke yake ndiye aliyeuliza."

Inspekta alimfunga pingu. Nje alisimama kidogo, akamwomba Mungu maneno, akapiga simu.

"Nani alimchukia?" binti aliuliza.

"Hakuna, mwanangu. Kuna aliyeogopa kubaki bila yeye. Nitakuja mwenyewe nikueleze."

Walipanda gari. Mbele kidogo fundi alikohoa, akaubana mdomo wake upesi.

Inspekta aliendelea kutazama barabara.

"Kifua hicho," alisema, "kimeanza lini?"