Kadi ya Thongdam

Sogeeni, wajukuu. Wewe, acha kwanza kutafuna. Jambo hili silisemi kwa sauti, na anayetaka kuuliza asubiri nimalize.

Tulitoka Khon Kaen mchana, mimi na mwanangu Bunlert, lori limejaa sukari ya kupeleka Savannakhet, ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona dada yangu. Karibu na usukani palikuwa na kisanduku cha kuhesabu saa. Dereva anapitisha kadi ya leseni yake, kinamtaja jina, na ofisi inamwona kwenye ramani. Akiendesha masaa manne mfululizo lazima apumzike nusu saa. Akikaidi, kibali cha kuvuka mpaka kinafutwa.

Jua linazama, kikaanza.

Ti... ti... ti...

"Masaa yangu yameisha," Bunlert akanong'ona. "Na lango la mizigo pale mpakani linafungwa baada ya dakika ishirini. Nikichelewa tena, mama, njia hii anapewa mwingine."

Mkobani nilikuwa na leseni ya Thongdam, mwanangu mkubwa. Usingizi ulimuua barabarani, miaka mitatu nyuma.

"Pitisha ya kaka yako."

"Mama. Marehemu huyo."

"Mashine inajua nini? Huyo hakukataa kazi hata akiumwa."

Kwetu marehemu haitwi kazini kabla hajawekewa wali. Nilijua. Nikamkabidhi kadi.

Akaipitisha.

"Karibu, Thongdam," kisanduku kikasema.

Ikaja harufu ya tumbaku na dawa ya kuchua... Kiti cha dereva kikalia, kama mtu mzito amekaa juu ya mwenzake. Nikamtazama Bunlert. Mikono mapajani. Anakoroma.

Usukani ukageuka.

Polepole, kwa adabu. Penye kibanda cha mizimu, pale kila dereva anaposalimia, honi ikalia. Moja ndefu... mbili fupi. Thongdam peke yake alikuwa akisalimia hivyo.

"Fika tu, baba," nikanong'ona. "Fika, upumzike."

Langoni lori likasimama lenyewe. Bunlert akaamka, akauliza tuko wapi. Ofisa akatazama kompyuta yake.

"Thongdam yuko wapi? Huku naona bado anaendesha."

"Ameshuka," nikasema.

Nikaipitisha kadi ili kumtoa.

"Zamu haijaisha," kisanduku kikajibu.

Tuliking'oa, tukakitupa mtoni. Ofisini wanasema ni hitilafu ya kompyuta. Lakini binti wa pale bado hunipigia simu. "Mama, mwambie mwanao apumzike. Mwaka wa sita huu hajasimama." Jana akaongeza: "Leo namwona barabara ya kwenu."

Bunlert alirithi shamba la mpunga; usukani haugusi. Mjane wa Thongdam alirithi nyumba. Mimi nilibaki na kadi, na sahani ya wali wa kunata ninayoiweka mlangoni kila magharibi. Asubuhi ukingo wake huwa na alama za vidole vyenye grisi.

Thongdam tulimrithisha kazi.