Mkono Kiunoni

Nesi alipochomoa sindano, chumba kilinukia marashi ya kiume. Humo walikuwamo wanawake wawili tu.

"Tayari, dada. Dawa hii ina mionzi kidogo. Subiri masaa matatu iingie kwenye mifupa, kunywa maji mengi, nenda chooni mara kwa mara. Na shemeji akae mbali nawe mpaka kesho."

"Haya sasa," mume wake, asiyejipaka marashi kamwe, alitania mlangoni. "Miaka mitatu nafukuzwa kitandani kwa sababu ya nyonga, leo nafukuzwa hata kwenye benchi!"

Mke hakucheka. Hakuwahi kumwambia kwamba kila akimgusa, kitu kinaibana nyonga ile mpaka machozi yatoke, kikimnong'oneza, "Mfukuze." Zamani alikataa kumfukuza mchumba wake wa kwanza. Mchumba alikutwa amekufa, mlango umefungwa kwa ndani.

Walipokaa mbali mbali, harufu ilipungua. Lakini mume hakuweza kutulia. Alimletea chupa ya tatu ya maji, akamfuta jasho, akambusu kwenye paji la uso. Marashi yakarudi makali.

Masaa matatu yalipokwisha, mume akabaki nje, mke akaingia kwenye mashine ya picha za mifupa; yenyewe haiumi. Alilazwa kwenye kitanda chembamba, mikono ikafungwa ubavuni kwa mkanda, kamera ikashuka karibu na pua yake, ikaanza kusogea taratibu.

"Mama, toa mkono kiunoni," fundi wa picha alisema.

"Si umenifunga mwenyewe?"

Fundi aliutazama mkanda. Kisha akanong'ona, "Mashine hii inaona dawa tu. Na aliyechomwa ni wewe peke yako."

Kwenye skrini, juu ya mifupa ya nyonga, ulilala mkono mrefu wenye vidole saba, unang'aa kwa dawa uliyoifyonza kwenye damu yake, na mume alipobisha mlango akiuliza, "Mke wangu, uko salama?" vidole vile vikaachia, kimoja kimoja, mkono ukateleza hadi ukingoni mwa picha, upande wa mlango, ukatoweka.

Nyonga ikawa nyepesi, haina hata chembe ya maumivu. Nje, mume akaanza kukoroma kama anayekabwa.

"Rudi!" mke alilia. "Rudi! Mimi ni wako peke yako!"

Nyonga ikabanwa mpaka akauma ulimi.

Mume aliingia akihema, anasugua koo, akanyoosha mkono amshike.

"Usiniguse."

"Dawa bado?"

"Bado."

"Mpaka kesho tu, si ndivyo walivyosema?"

Akageuza uso ukutani. "Wamebadilisha."