Sarafu Iliyoruka Njano

Picha ya kwanza asubuhi ile ilikuwa na kasoro ndogo: sarafu ilikuwa na buluu, lakini haikuwa na njano.

Aliyeiona kasoro hiyo, waliomjua walimwita Bi Jicho. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye karakana ya sonara akisugua vyombo vya fedha, na mgongo ulipogoma akapata kazi ya kufanyia nyumbani. Kampuni moja ya mnada wa mtandaoni ilimtumia picha za sarafu kuukuu, naye akatoa hukumu: hii rangi yake ni ya umri, hii imepikwa. Maana fedha ikizeeka hupata rangi, na wapo wanunuzi wanaoipenda rangi kuliko sarafu yenyewe. Ndiyo maana wapo pia wauzaji wanaoipika, kwa moto, kwa dawa, hata kwa yai lililochemshwa.

"Rangi ya kweli haina haraka," alizoea kumwambia mumewe. "Huanzia ukingoni. Kwanza njano, kisha wekundu wa kutu, kisha zambarau, kisha buluu. Ukikuta buluu bila njano, jua jikoni kuna mtu."

Mumewe alifundisha kemia sekondari, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. "Mbona mimi nimeanza na mvi moja kwa moja?" alikuwa akijibu. "Mimi kanipika nani?"

Sasa hii sarafu. Bi Jicho alitazama kwanza karatasi iliyowekwa chini yake. Ilikuwa nyeupe safi, kwa hiyo picha haikukolezwa. Akatazama vidole viwili vilivyoishika, maana ngozi ya mtu haidanganyi. Rangi yake ilikuwa ya kawaida. Akaikuza picha. Vidole havikuwa na mistari wala mkunjo kwenye viungo. Vilikuwa laini kama mshumaa.

"Glavu," alijiambia. Akaandika: *Imepikwa. Isiuzwe.* Akafungua picha inayofuata.

Chai yake haijapoa, ujumbe ukaingia kwenye simu, si kupitia ofisini kama desturi, bali kwake moja kwa moja, bila namba. *Tazama tena.*

Akafungua picha ileile. Buluu ilikuwa imesogea ndani kwa upana wa ukucha.

"Mkamwana!" mama mkwe aliita kutoka jikoni ilipokaribia saa sita. "Nani kachemsha yai viza?"

"Hakuna yai humu ndani, mama."

"Basi kuna kuku katagia hewani. Njoo unuse mwenyewe."

Harufu ilikuwepo kweli, ya kiberiti na uozo, na haikutoka jikoni. Ilitoka chumbani. Walikagua chini ya kitanda na nyuma ya kabati wasipate kitu. Walipokuwa wakitoka, kwenye vigae nyuma yao, kitu kikaanza kuzunguka. Kila mtu anaujua mlio wa sarafu iliyozungushwa sakafuni: huenda polepole, kisha huharakisha, kisha sarafu hulala. Hii iliharakisha, ikaharakisha, wala haikulala. Wakageuka. Vigae vilikuwa vitupu, jua la saa sita limetanda juu yake.

Mama mkwe alimshika mkono. "Umeleta nini humu ndani?" alinong'ona.

"Sijaleta kitu, mama. Nimetazama picha tu."

Siku ya tatu Mwalimu alirudi kula chakula cha mchana. Bi Jicho alimpa maji, na glasi ikamponyoka. Pembeni mwa masikio ya mumewe, na kwenye ncha za kucha zake zote, palikuwa na mstari mwembamba wa njano.

"Chaki," Mwalimu alisema, akacheka. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena kwa ndimu. Njano haikutoka.

Siku ya nne ikawa wekundu wa kutu, na njano ikahamia kwenye viganja. Hospitali walimpima damu, wakampima ini, wakampima figo. "Vipimo vinasema ni mzima kuliko mimi," daktari alisema, akionekana kuona haya. Siku ya sita zambarau ilifika shingoni. Ngozi ilikuwa baridi na ngumu, na alipoweka vidole juu ya meza kucha zake zililia kama vijiko. Mwalimu hakutania tena.

"Inaenda wapi?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, mama yake asisikie. "Wewe ndiye mjuzi. Inaenda wapi?"

Naye Bi Jicho hakuweza kumjibu, kwa sababu aliijua njia yake yote, aliiona ikipita ukingoni kwanza na kuingia ndani bila haraka, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, na ujuzi wote aliouchuma kwa miaka ishirini na miwili haukumwambia namna ya kuizuia bali ulimhesabia siku tu, na ulimwambia jambo ambalo angetoa macho yake yote mawili asilijue, kwamba hii haikupikwa na mtu, kwamba hii ilikuwa ya kweli.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mtoa majini. Alikuwa fundi bomba, mtu mfupi mwenye mkoba mmoja tu, spana na ubani humohumo. Alifika saa sita, ule mlio wa kila adhuhuri ukiwa umeshaanza chumbani. Hakuuliza maswali. Alifukiza, akasoma alichokijua, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Mwalimu, kisha akakiondoa haraka kama aliyegusa chuma cha moto.

Mwalimu akafumbua kinywa. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, yenye mwangwi, kama kitu kinachogongwa.

"Ameniita uongo."

"Nani?" fundi bomba aliuliza.

"Mwenye jicho. Nilimwonyesha uso wangu, akaandika nimepikwa. Sasa namwonyesha polepole, kwa mpango, kama anavyopenda."

Bi Jicho alipiga magoti kando ya kitanda. "Unataka nini kwetu?"

"Andika mimi ni kweli. Nipe cheti nipite."

Fundi bomba alimvuta hadi ukumbini. Jasho lilimtiririka. "Dada yangu, nisikudanganye. Hili siliwezi. Kutoka, litatoka lenyewe ukilipa linachotaka. Lakini kumbuka, hujaliondoa duniani. Umelifungulia mlango wa mwingine."

Bi Jicho akarudi chumbani na roho mkononi. "Na huyo atakayeinunua sarafu?" alimuuliza aliyemo kinywani mwa mumewe.

"Huyo hujamwona," sauti ilisema. "Huyu unamwona."

Mkono wa Mwalimu, ulioshika shuka, ulikuwa umeanza kuwa buluu.

Mama mkwe alikaa sakafuni akimtazama mkamwana wake, machozi yakimdondoka kidevuni. Bi Jicho akaenda kwenye kompyuta. Alikosea kuandika mara tatu. *Rangi ya kweli. Inafaa kuuzwa.* Akabonyeza.

Chumbani, sarafu ikalala.

Harufu ilikatika saa ileile. Kwa siku tatu rangi ilirudi ilikotoka, zambarau, wekundu, njano, mpaka kucha zikawa kucha. Mwalimu alirudi shuleni. Sarafu iliuzwa wiki ileile, na Bi Jicho hakuuliza ilikwenda wapi. Aliacha kazi ile. Usingizi haukumrudia vizuri, lakini nyumba ilicheka tena, na mama mkwe akaanza kugombana na majirani kama zamani.

Mwezi mmoja ukapita. Adhuhuri moja akapata ujumbe kutoka kwa mwanamke asiyemjua.

*Samahani dada. Mume wangu alinunua sarafu kwenye mnada, nimewasihi sana ofisini hadi wakanipa namba yako. Wanasema wewe ni mjuzi wa rangi. Hospitali wameshindwa.* Chini yake palikuwa na picha: mkono wa mtoto wa miaka minne au mitano juu ya mto, na kwenye kila ukucha mstari mwembamba wa njano.

Bi Jicho alimpigia fundi bomba, simu ikaita bila kupokewa. Akaandika harakaharaka: *Niletee hiyo sarafu. Irudishe kwangu, leo hii.*

Jibu lilikuja papo hapo. *Sarafu gani, dada? Kasha lilifika tupu.*

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amesoma yote. Hakumlaumu. Aliweka mkono begani mwake, mkono mzima, wenye joto.

Ujumbe mwingine ukaingia. *Naomba uniambie ukweli. Baada ya njano huja nini?*

"Mwambie," Mwalimu alinong'ona. "Angalau ajue."

Bi Jicho aliandika neno moja, *Wekundu*, akalituma.

Mama yule akauliza, *Halafu?*