Spana ya Ishirini na Mbili

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na minane nimepima vifua, viuno na nyonga za watu. Nikikushonea suruali, haikubani wala haikuvuki. Sifa hiyo ilinitia kiburi, na kiburi hicho ndicho ninachotaka kukisimulia.

Tulinunua gari dogo kuukuu. Mke wangu, Mama Pacha, alifungua buti siku hiyohiyo. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ilikuwepo. Spana ya kufungulia nati za magurudumu haikuwepo.

"Mwite fundi magari akupimie nati," aliniambia.

"Mimi nipimiwe?" Nilicheka. "Mama Pacha, kwani kazi yangu ni nini?"

Nikachukua tepu yangu, nikachuchumaa. Nikapima nati mahali palipo papana zaidi, kama ninavyopima nyonga. Nikapata milimita ishirini na mbili. Nikaenda dukani, nikanunua spana ya ishirini na mbili. Muuzaji alinishauri niijaribu kwanza kwenye gari. Nikamwambia sina muda huo, nikaenda kuitupa ndani ya buti.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ya mke wangu ililia. Alikuwa mdogo wake, akipiga kutoka hospitali.

"Dada, njoo sasa hivi. Mama anakuulizia wewe tu. Daktari anasema hatafika jioni."

Safari ni ya saa moja na nusu. Tulipofika katikati, kwenye barabara ya vumbi inayopita mashambani, tairi la nyuma lilipata pancha.

"Usijali," nilisema. "Sasa hivi tu tunaondoka."

Nikaivalisha nati spana, nikazungusha. Spana ikazunguka yenyewe, kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Nati haikusogea hata kidogo.

"Haishiki," alisema Mama Pacha.

"Itashika."

Fundi cherehani hakosi vipande vya nguo. Nilikunja kitambaa, nikakijaza ndani ya spana ili ibane. Nikazungusha. Kitambaa kikachanika. Nikaongeza kingine. Nacho kikachanika.

Pikipiki ikasimama, na Mama Pacha akamweleza mwendeshaji tunakokwenda. "Naelekea hospitali, mama," alimjibu. "Nina nafasi moja."

Mama Pacha alichukua mkoba wake.

"Ngoja," nikamwambia. "Imeanza kushika. Utakula vumbi bure."

Nilisema uongo. Niliona aibu aondoke akiniacha nimeshindwa na nati. Alinitazama, akauweka mkoba chini. Pikipiki ikaenda zake.

Baada ya hapo halikupita gari lolote. Nilitoa koleo, nikaing'ang'ania nati moja mpaka pembe zake zikalika. Mikono ilinitoka damu. Mdogo wake alipiga simu mara mbili. "Mko wapi?" Mara ya tatu hakupiga. Mama Pacha alikaa kwenye jiwe, akaacha kuniuliza.

Saa tatu zilikuwa zimepita lilipokuja lori la maji. Dereva wake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya ukali. Alitazama vitambaa vilivyotapakaa.

"Mzee, nati unaishonea nguo?"

Nikamweleza kuhusu hospitali. Sauti yake ikabadilika.

"Pole, mama," alimwambia mke wangu, na hapohapo akaleta spana ya msalaba. Ina ncha nne, kila moja na saizi yake. Alijaribu moja, akajaribu ya pili. Ya pili ikaingia yote.

"Kumi na tisa," alisema. "Wewe ulipimaje?"

"Kona kwa kona."

"Ndipo ulipokosea. Nati ina pande sita. Unapima kutoka upande bapa mpaka upande bapa unaotazamana nao. Spana sahihi inaingia mpaka mwisho na haichezi. Ikicheza, iache. Ukilazimisha inakula pembe za nati."

"Na koleo?"

"Koleo ndiyo kabisa. Nati uliyoitafuna kaibadilishe."

Alilegeza nati zote gurudumu likiwa bado chini, lisije likazunguka. Kisha akapandisha gari kwa jeki. Tukafunga tairi la akiba kabla sijamaliza kumshukuru.

Hospitalini tulimkuta shemeji yangu kwenye benchi la nje. Alikuwa amepakata ndara za mama yake. Mama Pacha alizitazama ndara hizo, akaelewa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Nusu saa iliyopita. Kila mlango ulipofunguka alisema, 'Ndiye?'"

Pikipiki ingemfikisha mapema kabisa. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu hakunilaumu, wala hakulia mbele yangu, siku ile wala siku zilizofuata. Nilizoea kulala karibu na ukimya wake.

Nilinunua spana ya kumi na tisa. Niliijaribu kwenye nati zote za magurudumu manne, moja baada ya nyingine, gari likiwa nyumbani. Nati iliyolika nikaibadilisha. Siku hizi mteja mwenye gari akija kupimwa, namuuliza kama spana yake ameijaribu. Wengine hunicheka, nami nawaacha wacheke. Wakimaliza nauliza tena.

Mwezi uliopita tulipata pancha nyingine. Nililegeza nati, nikapandisha jeki, nikabadilisha tairi. Nati zote zilifunguka bila shida. Nilipokaza ya mwisho, Mama Pacha alikuwa akitazama saa kwenye simu yake.

"Dakika kumi na tano," alisema.

Nilidhani ananisifu. Nikatabasamu.

"Dakika kumi na tano tu, Baba Pacha," alisema tena, na hapo ndipo alipolia.