Diski ya Maalim Osundwa

Betri ilikuwa mezani, chaja ilikuwa bado imeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki, na laptop yenyewe, ndogo ya kubebwa kwapani, ililala kifudifudi mbele ya Navalayo. Hata hivyo kitaa chake cha kijani kiliendelea kuwaka.

Navalayo alikitazama kwa muda. Alikuwa ametengeneza kompyuta kwa miaka kumi na miwili katika chumba hicho cha ghorofani, nyuma ya soko la Kakamega, na alijua kwamba umeme kidogo huweza kubaki ndani ya mashine baada ya betri kutolewa. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka umeme huo uishe. Akakibonyeza. Akahesabu hadi thelathini, akaendelea hadi sitini. Kitaa kikawaka tu. Alipoondoa kidole ndipo kilipozima, chenyewe, polepole, kama jicho linalofumba.

"Umeona nini, fundi?" akauliza Zilpah kwa sauti ya chini.

"Bado sijaona kitu, mama."

Zilpah alikuwa mkulima wa miwa kutoka Musanda, mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Alikuwa ameingia asubuhi hiyo na laptop imefungwa kwa leso mbili, ameibeba mbali na kifua kama mtu anayebeba sufuria ya moto. Kabla ya kukaa alikuwa amesimulia kilichomleta.

Miaka miwili nyuma, binti yake Mitchel, aliyekuwa akisomea kilimo chuoni Bukura, alianza kuanguka darasani. Akaanza kukataa chakula, kisha akaanza kusema kwa sauti ya mwanamume. Zilpah alimpeleka hospitali, akamwombea kanisani, na mwishowe jirani akamwelekeza Mumias kwa Maalim Osundwa, mzee aliyetoa majini bila kumuuliza mtu dini yake. Maalim alikaa na Mitchel siku tatu. Siku ya tatu lile jini likataja jina lake na kuapa kwamba halitarudi. Maalim akaliandika jina hilo katika laptop yake, kama alivyoandika majina ya majini mengine yote aliyoyafukuza, maana jini likikiuka kiapo huitwa kwa jina likaondoka. Asiyelijua jina, alisema, anapigia ukuta kelele tu. Lakini majina hayo hakuyataja kwa mtu yeyote, hata kwa mke wake.

Maalim akafariki. Siku ya arubaini baada ya maziko, Mitchel akaanguka tena, nyumbani Musanda, mwiko wa kusongea obusuma, ugali wao, mkononi. Zilpah akakimbilia Mumias. Mjane wa Maalim akaifungua laptop mbele yake. Ikawaka, ikaonyesha alama ya kiwanda, kile kiduara kidogo kikazunguka, kisha kioo kikawa cheusi. Walijaribu mara nyingi, wakaishia hapo hapo kila mara. Mjane akaifunga kwa leso akampa Zilpah, akamwambia asiirudishe.

"Mtoto ana siku ngapi akiwa hivyo?" Navalayo aliuliza.

"Leo ya kumi na moja. Anakunywanga maji tu, na hayo pia mpaka tumshike."

Navalayo akamwambia ukweli. Mambo ya majini hakuyajua na hakuyaamini. Alichojua ni mashine, na mashine iliyofika mezani kwake haikutoka kabla hajajua kilichoiua. Zilpah akaitikia kwa kichwa. Akarudi Musanda kumlinda binti yake.

Navalayo akaanza kazi kama alivyoanza kazi zote. Alitoa kadi ya kumbukumbu, akaisugua meno yake, pale inapochomekwa, kwa raba, akairudisha, akachomeka chaja. Kiduara kikazunguka, kioo kikawa cheusi. Akaunganisha kioo kingine kwa waya. Ikawa vile vile. Akachomeka flashi ili mashine iwakie huko bila kutegemea diski yake, na kiduara kikazunguka mara saba, kikasimama pale pale kiliposimama kila mara. Hapo akainua kichwa. Mashine mbovu hukosea ovyo ovyo. Hii ilikuwa inajua mahali pa kusimama.

Ndipo aliposikia harufu. Ilikuwa ya shamba la miwa linapochomwa kabla ya kukatwa, tamu na chungu, nzito hadi kooni. Alifungua dirisha akatazama nje, lakini hapakuwa na moshi, na harufu haikuwa nje. Wanzala, fundi cherehani wa chumba cha pili, akaja mlangoni na futi yake shingoni, akauliza kwa kunong'ona ni nini kinachoungua. Navalayo akamwonyesha mkono asogee kimya. Wote wawili wakasikiliza. Feni ya laptop haikuwa ikizunguka. Ilikuwa ikipumua, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, na Navalayo alipoinamisha sikio karibu nayo, ikazuia pumzi.

"Dada, hiyo kitu itupe Isiukhu," Wanzala akasema. "Mto upeleke."

Navalayo alichukua bisibisi ndogo ili aitoe diski, maana hata mashine ikifa kabisa, diski yake husomwa kwenye mashine nyingine. Alifungua skrubu nne, akaziweka juu ya kisumaku. Alipogeuka kuchukua kibano na kurudi, kisumaku kilikuwa kitupu, na skrubu zote nne zilikuwa zimekazwa mahali pake. Wanzala aliona. Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Navalayo akazifungua tena, safari hii akazitia mfukoni moja moja, na alipofika ya nne bisibisi ikaruka ikamkata kidole gumba, tone la damu likaangukia kifuniko cha diski, na mbele ya macho yake tone hilo likapungua, likapungua, likaisha, bati likabaki safi kama lililorambwa.

Simu ikalia. Alikuwa Zilpah, anaongea kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja. Mitchel alikuwa ameketi kitandani kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, akasema neno moja tu kwa ile sauti nyingine: mwambieni yule mwanamke aweke bisibisi chini.

"Ulimwambia niko na bisibisi?" Navalayo akauliza.

"Sikumwambia hata kwamba nilikuja Kakamega."

Navalayo alitia kidole mdomoni, akainyonya damu. Hofu ilimpanda kutoka miguuni, hilo hakulikana hata baadaye. Lakini juu ya hofu palikuwa na kitu kingine alichokifahamu vizuri zaidi. Mwanamume aliyemfundisha kazi alizoea kumwambia mbele ya wateja aweke bisibisi chini, kwamba mikono ya mwanamke itaunguza vitu vya watu. Alimwambia hivyo mwaka mzima. Navalayo hakuiweka chini wakati ule, na sasa aliyekuwa akimwamrisha hata sura hakuwa nayo.

"Mlete hapa kesho," akamwambia Zilpah. "Kama anataka kuongea na mimi, aongee nikimwona."

Siku ya pili Mitchel alifikishwa kwa gari la kukodi saa nane na nusu mchana, na mvua ya Kakamega ilikuwa tayari imejikusanya juu ya msitu. Wanzala, aliyekuwa ameapa kutofungua duka siku hiyo, ndiye aliyemsaidia Zilpah kumpandisha ngazi. Msichana alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Wakamkalisha kwenye kiti kando ya meza. Macho yake yalikuwa wazi, yanaitazama diski tu, iliyokwisha kutolewa na kulazwa juu ya kitambaa.

Navalayo akaiunganisha diski na kompyuta yake mwenyewe. Mvua ikashuka kwa kishindo, pamoja na mawe yake, mabati yakalia hadi wakalazimika kusogeleana ili wasikizane. Umeme ukapotea. Chumba kikawa giza la mchana, na mwanga pekee ukawa ule wa kompyuta ya Navalayo, ambayo betri yake ilikuwa imebaki asilimia tisa.

Diski ilifunguka. Ndani yake palikuwa na faili moja, iliyoandikwa kwa herufi kubwa za mzee aliyepungukiwa na macho: MAJINA. Navalayo akaigusa, na harufu ya miwa inayoungua ikajaa chumba, na Mitchel akageuza shingo taratibu bila kugeuza mabega, akamtazama, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu mzima aliyetulia anayezungumza chini ya kelele za mvua na bado akasikika kila neno, ikimwambia kwamba alikuwa ameona wafalme wakizikwa na misitu ikikatwa, kwamba yule mzee aliyemwandika yuko udongoni na mchwa wanamjua, na kwamba fundi akisoma mstari mmoja tu wa faili ile atatolewa macho yote mawili, atapapasa kuta za chumba hiki mpaka kufa kwake.

Mikono ya Navalayo ilikuwa juu ya kibodi. Hakuiondoa.

"Basi nitasoma haraka," akasema.

Alishuka katika orodha. Maalim alikuwa mtu wa mpango. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, jina lake, kwao, tarehe, kisha jina la aliyefukuzwa. Mistari ikaanza kufifia mbele yake, wa juu ukatoweka, kisha uliofuata, kama mtu anayefuta ubao kwa mkono akimfukuza kutoka nyuma, na betri ikasoma asilimia nne, na macho ya Navalayo yakaanza kuwaka kama yaliyotiwa pilipili, machozi yakamtiririka mpaka herufi zikawa vivuli, naye akasogeza uso karibu na kioo hadi pua ikakigusa, akiendelea kushuka, akitafuta Mitchel, akitafuta Musanda.

Hapo sauti ikabadilika. Ikawa ya msichana, nyembamba, inayolia.

"Mama, naumia. Mwambie aache. Mama, ataniua."

Zilpah akaushika mkono wa Navalayo. Alimshika kwa nguvu za mtu aliyelima miaka thelathini, na mkono ukasimama. Asilimia tatu. Navalayo hakuvutana naye. Alijua kwamba mtoto si wake, na akaona kwamba jambo hilo si lake kuamua. Akangoja, macho yakimchoma. Zilpah alimtazama binti yake kwa muda uliokuwa mrefu kuliko mvua yote ile, midomo ikimcheza, kisha akauachilia mkono wa fundi kidole kimoja kimoja.

"Mitchel haniitangi mimi Mama," akasema. "Ananiitanga Mayi. Soma."

Navalayo akasoma. Mitchel wa Musanda. Darkumu bin Saharani.

Alilitaja kwa sauti kubwa, akalirudia, na mara ya tatu Zilpah akalitaja pamoja naye, kwa sauti ile ya kwaya iliyozoea kujaza kanisa. Pale ukutani Wanzala, aliyekuwa amejifunika uso kwa kanzu ya mteja, akalitaja pia. Walimwamuru kwa kiapo chake atoke. Kioo cha dirisha kikapasuka kutoka ndani kwenda nje, vipande vikaangukia barabarani pamoja na mvua, na harufu ikafuata njia hiyo hiyo. Kompyuta ikazima. Mitchel akainama akatapika maji meusi mazito kama yanayobaki kiwandani sukari ikishatolewa, akatapika hadi yakawa meupe. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, kwa nini wako gizani.

"Mayi," akasema tena baadaye, "kuna uji?"

Zilpah alikaa sakafuni akamkumbatia miguu.

Macho ya Navalayo yaliuma siku nne, yakapona. Wanzala alimsihi aifute ile faili, au aizike diski kaburini kwa Maalim. Hata mjane wa Maalim alipiga simu kuomba hivyo. Lakini Mitchel aliposhiba na kupata nguvu, alikuwa ameeleza jambo moja alilolikumbuka. Yule aliyekuwa ndani yake hakuogopa dua wala moto. Katika siku zile zote alirudia ombi moja, akilinong'ona kama mtoto gizani: jina langu lisienee.

Kwa hiyo Navalayo alichapisha. Jina lile aliliandika kwa herufi nene, karatasi mia moja. Zilpah akabeba fungu hadi Musanda, Mitchel akabeba jingine aliporudi chuoni Bukura, na mjane, baada ya kufikiri wiki nzima, akatuma mtu kuchukua ya Mumias. Karatasi moja Navalayo aliibandika ukutani, juu ya meza yake. Wateja walilisoma wakingoja, wakaulizia, wakasimuliwa, wakaenda nalo. Likafika mahali wanawake wa sokoni walilitumia kuwatisha mbuzi waliokula mboga zao.

Mwezi wa Januari, kiangazi, saa sita mchana, mteja mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na alisalimia kwa adabu. Hakuwa amebeba mashine. Feni ya darini ilikuwa ikizunguka kwa kasi, ikipeperusha risiti na pazia na mikono ya nguo ya Navalayo, lakini shati la mgeni lilitulia kama lililochongwa. Akasema kwa upole kwamba amekuja kuomba karatasi ile ya ukutani iondolewe.

Navalayo alimuuliza inamsumbua nini.

"Inanichosha," mgeni akasema. "Kila ninapokwenda kuna mtu ananiita."

Navalayo aliweka kibano chini, akabaki na bisibisi mkononi, akasimama. Akaigeukia karatasi, ingawa alilijua jina kwa moyo, akalisoma polepole, herufi zote. Kutoka chumba cha pili cherehani ya Wanzala ikanyamaza, na Wanzala akalitaja. Muuza viatu wa chini ya ngazi akalipokea bila kujua kuna nini, kisha wanawake wa mboga, wengine wakicheka, hadi likavuka barabara.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka ngazi. Zile ngazi ni za mbao kuukuu, hulia hata paka akipita, na hazikulia.